Gari limegongwa Mwanza: bima ya nani inalipa, na kwa karatasi zipi

Swali la kwanza baada ya ajali huwa ni "bima italipa shilingi ngapi?" Hilo lisubiri kidogo. La kuanza nalo ni bima ya nani inayohusika, ya kwako au ya aliyekugonga, maana njia hizi mbili zina karatasi tofauti, zinapita ofisi tofauti na mwendo wake haulingani. Madai mengi yanayokuja kukwama miezi baadaye yaliharibika mapema, pale barabarani au kwenye meza ya trafiki.

Tuanze na aina za bima. Bima ndogo, ile ya mtu wa tatu, ndiyo ambayo Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169, inamlazimisha kila mwenye chombo cha moto kuwa nayo. Inamlinda mtu uliyemuumiza au kumuua kwa gari lako. Kinacholazimishwa na sheria ni madhara ya mwili, lakini mikataba inayouzwa kwa kawaida inabeba pia mali ya mtu mwingine uliyoiharibu, hadi kikomo kilichoandikwa. Gari lako mwenyewe halimo. Ukiwa na bima ndogo ukaacha njia pale Mkolani ukavunja ukuta wa jirani, ukuta unaweza kulipwa, bampa yako utajigharamia. Bima kubwa inabeba yote hayo pamoja na gari lako: ajali, moto na wizi.

Kwa gari binafsi, bima ndogo ni shilingi 118,000 kwa mwaka, yaani 100,000 pamoja na VAT ya asilimia 18. Bima kubwa huanzia asilimia 3.5 ya thamani ya gari. Gari la milioni 20 litatoka 700,000, ongeza VAT 126,000, jumla 826,000. Vyombo vya biashara vina viwango vyake, na vinavyobeba abiria huhesabiwa pia kwa idadi ya viti. Hakuna bima ya mkopo: ada isipolipwa, hakuna ulinzi, hata kama wakala amekuambia "usijali, nitakuwekea".

Hapo pana mtego. Wapo waliomkabidhi mtu fedha taslimu na kupewa stika ambayo haipo kwenye mfumo. Leo stika ni za kielektroniki, na mtu yeyote anaweza kuhakiki kwenye tovuti ya Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA, kwa anwani tiramis.tira.go.tz. Unaingiza namba ya gari, inakuonyesha kampuni, aina ya bima na tarehe ya mwisho. Fanya hivyo siku unayokata bima, na ufanye tena palepale kwenye ajali kwa namba ya gari la mwenzako. Hatua hii ya dakika mbili inakuambia kama kuna kampuni ya kudai au utabaki unamfuata mtu binafsi.

Eneo la ajali

Simama. Kuondoka eneo la ajali ni kosa kisheria na pia ni zawadi kwa kampuni itakayotafuta sababu ya kukataa. Isipokuwa kimoja tu: kama wananchi wamepandwa na hasira na maisha yako yako hatarini, nenda moja kwa moja kituo cha polisi kilicho karibu ujisalimishe na utoe taarifa. Namba ya dharura ya polisi ni 112, ya Zimamoto na Uokoaji ni 114.

Majeruhi kwanza. Akishaondolewa, andika amepelekwa wapi, Sekou Toure, Bugando au kituo cha afya, kwa sababu karatasi zake zitatafutwa huko. Kisha piga picha kabla magari hayajasogezwa. Picha za mkwaruzo pekee hazisaidii sana. Zinazotetea haki yako ni zile za mbali zinazoonyesha barabara nzima: mistari, alama, alama za breki kwenye lami, vioo vilivyodondokea wapi, na namba za magari yote mawili katika picha moja. Piga stika ya bima ya mwenzako, leseni yake ya udereva na, akikubali, kadi ya gari. Kama gari ni Hiace ya daladala au roli la samaki, andika jina la mmiliki lililo ubavuni na njia inayofanya. Dereva wa leo huenda kesho asiwe kazini.

Magari yasiondolewe mpaka trafiki apime. Kwenye barabara kama Nyerere au Kenyatta, foleni ikishafika mbali, utasukumwa na honi na makelele uondoe gari. Piga picha za kutosha kwanza, na trafiki akikuambia sogeza, sogeza.

Sasa lile la "tumalizane hapa hapa". Kwa mkwaruzo wa fenda wa shilingi elfu themanini, watu wazima wawili wanaweza kupeana mikono na kila mtu akaenda zake. Lakini kama kuna mtu ameumia, hata akisema hajisikii vibaya, au uharibifu unapita uwezo wa mfuko, usimalizane. Maumivu ya shingo na mgongo huja kesho yake. Sapoti iliyopinda nyuma ya bampa haionekani mpaka gari lifunguliwe. Na karatasi uliyosaini ukisema "sidai tena" inaua dai lako, na inaweza kuiua haki ya kampuni yako pia, kwa sababu ikishakulipa, kampuni huchukua nafasi yako kumdai aliyekosa. Ukimsamehe wewe, imebaki mikono mitupu, na itakugeukia.

Vilevile usikiri kosa wala kuahidi malipo kwa niaba ya kampuni. Mpe pole majeruhi, msaidie, eleza ukweli polisi. Lakini maandishi ya "nitalipa kila kitu" yanavunja sharti lililomo karibu katika kila mkataba.

Meza ya trafiki

Taarifa polisi itolewe siku hiyohiyo, na upate RB, yaani namba ya taarifa yako kwenye kitabu cha polisi. Kampuni yako iarifiwe pia siku hiyohiyo au inayofuata, kwa simu na kisha kwa maandishi. Muda kamili umo kwenye mkataba wako na si mrefu. Arifu hata kama kosa si lako, hata kama huna mpango wa kudai kwao. Yule mwenye bodaboda aliyeondoka pale Mabatini akichechemea anaweza kurudi baada ya miezi sita na wakili.

Karatasi zinazohitajika kutoka polisi ni hizi:

- PF 90, taarifa ya ajali, ndiyo inayosema nani alikuwa wapi na nani anatuhumiwa.
- Ripoti ya mkaguzi wa magari kuhusu hali ya gari.
- Mchoro wa eneo la ajali.
- PF 3, fomu ya polisi ya matibabu, kwa kila majeruhi.
- Kama kuna kesi, hati ya mashtaka na nakala ya hukumu. Kama dereva alikiri na kulipa faini, uthibitisho wa faini hiyo.

Ripoti ya mkaguzi inadharauliwa na ndiyo yenye sumu. Mkaguzi huangalia breki, usukani, matairi na taa, na huandika kama ubovu ulikuwepo kabla ya ajali au umetokana nayo. Maneno "breki hazifanyi kazi" bila maelezo yatasomwa na kampuni kama kwamba uliendesha gari bovu. Uwepo wakati wa ukaguzi. Kama paipu ya breki imekatwa na mgongano, mwonyeshe kipande kilichokatika ili aandike hivyo.

PF 90 nayo isome kabla hujaondoka kaunta. Herufi moja ya namba ya gari ikikosewa, kampuni itaandika kwamba gari lililopata ajali si lile lililokatiwa bima. Linganisha namba ya gari, jina la dereva, namba ya leseni, tarehe, saa, mahali, na kampuni ya bima ya kila upande. Kosa lisahihishwe na ofisi iliyoandika, kwa saini na muhuri wao. Ukifuta na kuandika mwenyewe, umetengeneza hati ya kughushi. Toa nakala mbili tatu za kila kitu. Faili hupotea, na halipotei la jirani.

Gari lililoshikwa kituoni kwa uchunguzi hukaa juani na huko vitu huchomoka. Lipige picha pande zote, ndani na kwenye buti, siku linapoingia. Betri, redio na tairi la akiba vikikosekana baadaye, mkadiria hasara wa kampuni hatavihesabu kama uharibifu wa ajali.

Ukidai kwa kampuni yako (bima kubwa)

Jaza fomu ya madai, ambatanisha kadi ya gari, leseni ya aliyekuwa akiendesha, stika au kava noti (hati ya bima), kitambulisho, TIN na karatasi za polisi. Gereji itatoa makadirio ya matengenezo. Kampuni itamtuma mkadiria hasara, ambaye wengi humwita asesa, kuja kuangalia. Usitengeneze chochote kabla hajaja. Gharama ya bredauni kutoka eneo la ajali mara nyingi hulipwa hadi kikomo fulani, kwa hiyo dai risiti ya EFD. Kuvuta gari kutoka Magu au Sengerema hadi mjini si bei ya mchezo.

Asesa atapunguza makadirio ya gereji. Hiyo ni kazi yake, na gereji nyingi hupandisha bei zikilijua hilo. Unachopaswa kupigania ni vitu, kabla ya bei. Hakikisha orodha yake ina kila kilichoguswa: rejeta, kondensa ya AC, sapoti ya mbele, vishikio vya taa, mifuko ya hewa kama ilifunguka. Gari likifunguliwa na uharibifu zaidi ukaonekana, fundi asimamishe kazi, asesa arudi aongeze orodha. Fundi akiendelea, nyongeza hiyo italipwa na wewe. Uliza pia mapema kama spea zilizoidhinishwa ni mpya au za kutoka Japani zilizotumika, na kama kampuni itakata kiasi kwa sababu unapewa kipya mahali pa kilichochakaa. Spea nyingi huagizwa Dar es Salaam, kwa hiyo bei iliyokadiriwa iwe na usafiri ndani yake.

Hesabu ya malipo ina makato mawili yanayowashangaza watu. La kwanza ni eksesi, sehemu ya hasara unayobeba mwenyewe, mara nyingi asilimia 10 ya dai, pamoja na kiwango cha chini kilichoandikwa. La pili linamkuta aliyeshusha thamani ya gari ili ada iwe ndogo. Tuseme gari la milioni 20 uliliandikisha kwa milioni 12. Umelikinga kwa asilimia 60 tu, na kampuni inaweza kulipa asilimia 60 ya hasara. Uharibifu wa milioni 5 unakuwa milioni 3. Toa eksesi ya 300,000, unabaki na milioni 2.7. Uliokoa shilingi 330,400 za ada pamoja na VAT, umepoteza milioni 2 kwa ajali moja. Kupandisha thamani kupita bei ya soko nako hakusaidii, maana gari likiisha kabisa hulipwa thamani yake ya sokoni siku ya ajali.

Hasara ndogo wakati mwingine ni bora uilipe mwenyewe. Kama matengenezo ni 400,000 na eksesi ya chini kwenye mkataba wako ni 250,000, utapata 150,000 na huenda ukapoteza punguzo la mwaka ujao la kutodai. Piga hesabu kabla ya kujaza fomu. Kutoa taarifa bila kudai hakukatazwi.

Gari likiharibika kiasi kwamba kulitengeneza hakuna maana kibiashara, kampuni hulipa thamani na kuchukua mabaki, au inakuachia mabaki na kukata bei yake. Kabla ya kukubali mabaki, uliza bei hiyo imetoka wapi, na ulete ofa ya mnunuzi wako kama unaona wameipandisha. Likiwa na mkopo wa benki, fedha zinaanzia benki.

Ukidai kwa bima ya aliyekugonga

Hapa wewe ndiye mtu wa tatu. Huna mkataba na kampuni hiyo, na wafanyakazi wake hawana haraka na wewe. Dai linasimama juu ya kosa la dereva wao, kwa hiyo PF 90, mashtaka na hukumu vina uzito kuliko maelezo yako matamu. Fuatilia kesi ya trafiki mpaka mwisho. Usipoulizia tarehe, itaisha bila wewe kujua na nakala ya hukumu itakuwa shughuli.

Mwenye gari lililokugonga naye anatakiwa ajaze fomu ya madai kwa kampuni yake. Wengi hukwepa, wakiogopa punguzo lao au kwa sababu tu simu yako inawachosha. Usimsubiri. Andika barua mbili, moja kwake na nyingine kwa kampuni, ueleze ajali, namba za magari, namba ya stika, unachodai na viambatanisho. Nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Maongezi ya simu hayana muhuri.

Kwa majeruhi, weka PF 3, ripoti ya daktari, picha za X-ray, risiti zote hata za dawa za duka la nje, na ushahidi wa kipato kilichopotea. Mchuuzi wa dagaa Kirumba hana hati ya mshahara, lakini ana miamala ya simu, leseni ya biashara au barua ya serikali ya mtaa. Kama mtu amefariki, familia inahitaji cheti cha kifo na barua ya usimamizi wa mirathi kutoka mahakamani. Bila msimamizi, kampuni haimlipi mtu, na ni haki yao. Anzeni na kikao cha ukoo na muhtasari wake.

Je, dereva wao alikuwa amelewa au hana leseni? Hiyo ni sababu ya kampuni kugoma kumlipa mwenye gari. Kwako wewe uliyeumia, sheria inaitaka kampuni itimize hukumu ya mahakama kwa madhara ya mwili kisha yenyewe imfuate mteja wake. Sharti kubwa ni kwamba kampuni ipewe taarifa ya kesi mapema, kwa hiyo barua ya kuwaarifu itangulie kabla ya kufungua shauri.

Mambo yanayoua madai

Kubwa katika nchi hii ni kununua gari na kuliacha na jina la mwenye zamani. Bima ni mkataba na mtu. Haihami pamoja na gari kama tairi la akiba. Ukipata ajali na kadi ina jina la aliyekuuzia, kampuni itauliza ni nani hasa amepata hasara. Badilisha umiliki TRA, kisha ubadilishe bima.

Jingine ni matumizi. Gari lililokatiwa bima binafsi likikutwa limebeba abiria wa kulipa kutoka Nyegezi kwenda Geita, mkataba umevunjika. Leseni iliyokwisha muda, daraja la leseni lisilolingana na gari, na pombe ni sababu nyingine za kawaida. Ng'ombe wa barabara ya Usagara wana kesi yao: uharibifu wa gari lako unalipwa na bima kubwa tu, na mwenye mifugo aliyeiacha izurure barabarani anaweza kudaiwa. Mafuriko ya Mto Mirongo yasichukuliwe kuwa ni ajali tu. Soma kama majanga ya asili yamo au yanaongezwa kwa ada. Ukivuka kwa kivuko, soma pia kama gari linalindwa likiwa majini. Na wanaokwenda Sirari, Mutukula au Rusumo kuvuka mpaka, stika ya Tanzania inaishia hapo; nunua Kadi ya Njano ya COMESA kabla ya safari.

Wakikataa au wakikawia

Dai jibu la maandishi linalotaja kifungu cha mkataba. "Bosi hajasaini" si kifungu. Lalamika kwanza kwa uongozi wa kampuni, kisha TIRA, ambayo ina ofisi ya Kanda ya Ziwa hapa Mwanza, na baada ya hapo kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, ambaye hatozi mlalamikaji ada. Peleka faili lililopangwa kwa tarehe, likiwa na barua zenye muhuri wa kupokelewa.

Ukipewa hati ya kukubali malipo, soma maneno "malipo kamili na ya mwisho". Majeruhi ambaye bado anafungwa plasta asisaini. Mfupa ukikataa kuunga, hakuna kurudi. Gari nalo usilisainie kabla hujaliwasha, hujalijaribu barabarani na kukagua kwamba milango inafunga sawa na usukani hauvuti upande.

Kumshtaki dereva au mwenye gari kwa uzembe kuna ukomo wa miaka 3 tangu ajali. Mazungumzo na kampuni hayasimamishi saa hiyo, hata kama barua zao ni za upole. Ikifika mwaka wa pili bado unaambiwa "njoo wiki ijayo", mtafute wakili na faili lako mkononi.